Ukuta wa Jikoni, Ghorofa ya Tatu

Bytom, Januari. Ngazi zinanuka kabichi na makaa ya mawe.
Watu wakiniona na koti jeusi na brashi begani
hushika kifungo cha nguo zao:
mfagia dohani, wanasema, ni bahati.
Bi Leokadia hakushika kifungo.
Alinitazama viatu.
"Vua. Nimetoka kupiga deki."

Mkwewe, Radosław, alishachagua mahali:
bafuni, juu ya beseni, ndani ya kabati jeupe,
hita isionekane, isiharibu sura ya nyumba.
Amepima, amechora, amenunua mpaka skrubu.
Bafu lenyewe, ukinyoosha mikono, umegusa kuta mbili.
Dirisha halina. Mlango mpya, umekaza kama kifuniko cha mtungi.
Na tundu la hewa, pale juu,
limezibwa kwa soksi ya sufu.

"Baridi," akasema Bi Leokadia.

Sikubishana. Niliitoa soksi, nikawasha kiberiti,
nikakisogeza tunduni.
Ulimi wa moto, uliopaswa kuvutwa nje,
ukageuka, ukanielekea mimi,
ukalamba hewa ya chumba.
Dohani ilikuwa inapumua kinyume.
Madirisha mapya, yasiyopitisha hata mluzi,
ndiyo yaliyoigeuza.

Nikawaambia ninachowaambia wote, kila Januari:
hita nayo ina mapafu.
Ukiifungia kabatini itakula hewa yako,
ikiimaliza itatema ile nyingine,
isiyo na rangi, isiyo na harufu,
isiyobisha hodi wala kuvua viatu.
Kwanza kichwa kinauma, unasema ni uchovu.
Kisha usingizi mtamu,
na maji yanaendelea kutiririka.
Ghorofa ya kwanza, mwaka juzi, niliyasikia yakitiririka
kabla hawajavunja mlango.

Radosław akaukunja mchoro wake mara nne.

Tukaizunguka nyumba. Chumba cha kulala: hapana, kamwe.
Ukumbini hakuna ukuta unaogusa nje.
Kibarazani maji yangeganda usiku wa kwanza.
Ukabaki ukuta mmoja wa jikoni,
wenye rafu ya mitungi ya plamu,
mbali na jiko, mbali na pazia,
dirisha la jirani likiwa hatua sita pembeni.
Hapo ingekaa hita ya aina nyingine, iliyofungwa pande zote,
ivutayo pumzi yake nje na kuitema nje,
mabomba mawili, moja tumboni mwa jingine.

Nikaondoa mitungi. Nyuma yake
palikuwa na mistari ya penseli.
Tymek, sentimita tisini na nane.
Tymek, mita moja na kumi na mbili.
Kila mstari na tarehe yake, mwandiko umenyooka.
Wa mwisho: mita moja, arobaini na tatu.
Juu yake chokaa tupu.

Radosław akatazama sakafu.
Birika lilichemka, hakuna aliyelizima.
Mimi nazijua kanuni zote za umbali,
bomba na dirisha, bomba na kona, bomba na waya.
Hii haikuwamo.

Bi Leokadia akashusha miwani puani.
"Hilo sanduku, kwa chini, litaishia wapi?"
Nikapima. Nikapima tena.
"Mita moja, arobaini na tano."
"Basi litamkosa."
"Litamkosa, bibi. Kwa sentimita mbili."
"Na mabomba ya maji?"
"Fundi atayapitisha kando."

Akanyamaza kidogo.
"Mitungi itakaa kabatini bafuni," akamwambia mkwewe,
"maana kabati umeshalinunua."

Kisha akaichomoa penseli nyuma ya sikio langu,
akachora mstari wake, mkono ukitetemeka,
akaandika tarehe ya leo.
Jina hakuandika.
Akanirudishia penseli, na mkono wake, ukishuka,
ukashika kifungo cha aproni,
kama anayeangalia tu kimekaza.